Ungempeleka Mama Yako kwa Nani?

Ipo siku moja ambayo haitoki kichwani mwangu, mwanangu: siku baba yangu alipopanda kilima cha nyumbani bila kumsalimia mtu hata mmoja.

Nimekuita huku jikoni, Neema, kwa sababu nawasikia kaka zako kule sebuleni wakibishana juu ya damu yangu. Mmoja anamtaka daktari anayejitangaza redioni. Mwenzake amepata mwingine kwenye simu, anayesafisha mishipa kwa majani. Mimi nimeshindwa kukaa. Mchele huu ninaoupepeta ulikuwa safi tangu asubuhi, lakini nikiacha mikono bila kazi, miguu inataka kutoka nje. Basi sikiliza, kisha utajua la kufanya.

Babu yako alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Aliwanunua upande wa Iga Barrière na kuwaleta Bunia, na alikuwa mtu mwenye kiburi, Mungu amrehemu. Alipenda nyama yenye mafuta meupe pembeni, na kwenye ugali wake lazima mama amwagie samli. Tumbo lilipoanza kumtangulia, sisi tulifurahi. Kwetu mwanaume mnene ni sifa ya nyumba nzima.

Vita ilikuwa imekwisha, lakini mjini watu walikuwa bado wanajuana kwa upande. Upande huu wa barabara kubwa tulikaa sisi, ng'ambo wakakaa wale. Baba alikuwa amezika ndugu zake wawili, na mtu wa ng'ambo hakumpa hata jicho, sembuse mkono.

Halafu akaanza kusalimia. Akitoka sokoni na kupanda kilima chetu, anasimama penye duka la sabuni, anauliza habari za watoto. Anasonga kidogo, anasimama kwa fundi wa baiskeli, anauliza habari za mvua. Aliwasalimia hata watu wa ng'ambo waliopita na mizigo yao. Majirani wakasema mzee ameokoka. Mama yangu akamshukuru Mungu kanisani, mbele ya watu.

Mimi nilikuwa mke mpya wakati ule, naishi karibu, na nilitembea naye mara nyingi. Niliona mkono wake unavyoshika ua wa watu wakati mdomo unasalimia. Niliona jasho. Mtu anayeuliza habari husikiliza jibu, lakini baba hakusikiliza. Alikuwa anangoja kifua kimwachie.

Nilimbembeleza mpaka akakubali kwenda kwenye zahanati ya mtaa. Daktari wa pale, kijana mpole, alimpima damu na presha. Akatuambia kolesteroli yake, yale mafuta yanayotembea ndani ya damu, imepanda sana, na kwamba kifua kinachobana mtu akipanda na kuachia akipumzika si jambo la zahanati. Akataja daktari aliyesomea moyo, aliyekuwa amerudi mjini kutoka Kinshasa. Akasema tusikawie.

Daktari huyo alikuwa mtu wa ng'ambo.

Unajua desturi yetu. Mgonjwa hachagui daktari, ukoo ndio unaochagua. Tukakaa kikao, na kaka yangu mkubwa, mjomba wako Bahati, akasimama.

"Siye hatuwezi kulalisha Baba mbele ya bale batu," akasema. "Justin iko nafanya nini? Si ni munganga? Si ni mutoto yetu?"

Justin alikuwa daktari kweli, mtoto wa ukoo, ambaye masomo yake tuliyachangia sote. Tena alikuwa hodari. Lakini kazi yake ilikuwa mifupa, kuwaunga watu walioanguka na pikipiki. Nilijua. Wote tulijua. Ila binti aliyekwisha kuolewa hana neno katika kikao cha kwao, na mimi nikakaa mkekani nikivuta nyuzi za kitenge changu mpaka upindo ukafumuka. Wakasema penye wengi hapaharibiki neno, wakafunga kwa sala.

Justin akampokea baba kwa heshima. Akampa dawa ya maumivu, akamwambia apunguze mafuta. Baba akaendelea kusalimia. Ila sasa alisalimia mara nyingi zaidi, na sabuni na baiskeli hazikutosha. Aliongeza mti, aliongeza lango la shule. Mwanangu, wasiwasi ule sikujua niuweke wapi. Nafua nguo, naacha nusu, nakimbia kwa baba kuona kama amefika. Nikifika ananifukuza. Nikirudi nakuta chungu kimeungua na mume wangu kanuna.

Ikaja siku hiyo niliyokuambia. Baba, mimi nikimfuata nyuma, alipita duka la sabuni kimya. Fundi wa baiskeli akamwita, "Muzee, leo haunisalimie?" Baba hakujibu. Alikaa chini barabarani, yeye mwenye kiburi kile, na kofia yake ikabingirika mpaka mtaroni. Uso ulikuwa na rangi ya majivu. Niliona mauti, Neema. Niliyaona kabisa, yamechuchumaa pembeni yake.

Kifua kilimwachia, kwa neema ya Mungu. Tulipomfikisha nyumbani, mimi na fundi, akiegemea mabega yetu, shangazi yangu Tereza, dada yake mkubwa, alikuwa amefika kutoka Mambasa. Alinisikiliza nikieleza huku nalia. Hakunipa pole.

"Kumbe weye ulisikiaka ile munganga wa zahanati?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Uko unajua, na unanyamaza? Mudomo Mungu alikupatia ni ya kukulia sombe tu?"

Nikasema kikao kilikuwa cha wanaume. "Kama angekufa leo," akasema, "ungelia na mudomo gani? Si ni ile ile?"

Maneno hayo yaliniingia kuliko fimbo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi nilikuwa nimeficha maradhi ya mtu mwingine, nikayaita adabu.

Shangazi hakuitisha kikao. Kesho yake alijifunga kitenge, akamshika Bahati mkono huu na mimi mkono ule, tukaenda kwa Justin. Nilidhani atamtukana. Hapana. Alikaa, akanywa maji aliyopewa, kisha akauliza taratibu:

"Justin mutoto yangu, kama ingekuwa moyo ya mama yako, ungemupeleka kwa nani?"

Justin akainamisha kichwa. Akazungusha kalamu mezani. Bahati akawa anatazama mlango.

"Shangazi," Justin akasema, "mama yangu anaendaka kwa ule wa ng'ambo. Miye mwenyewe nilimupeleka."

Bahati akaruka. "Na juu ya nini haukutuambia?"

"Hakuna mutu aliniuliza. Muliniletea muzee kama munaniletea heshima. Sasa heshima, ningeirudisha namna gani?"

Hilo ndilo kosa letu sisi watu wa hapa, mwanangu. Tunampelekea mtu mgonjwa kama tunavyompelekea mbuzi wa shukrani, naye anaona aibu kukataa. Hakuna aliyemtakia baba mabaya. Wote walimpenda, na kwa mapenzi yale yale nusura wamzike.

Baba alipoambiwa, aliapa hatavua shati mbele ya mtu yule. Tukaenda naye hivyo hivyo, amenuna. Daktari wa moyo alikuwa mwembamba, si mwenye maneno mengi. Hakuanza na kifua. Aliuliza baba zake walikufa kwa ugonjwa gani, anakula nini, anavuta sigara au la, dawa gani ameshameza. Kisha akauliza:

"Muzee, ukipanda kilima, kifua inakukamata wapi?"

"Nani alikuambia miye napandaka kilima?"

"Nakuonaka pale njia ya soko. Hata miye ulinisalimiaka siku moja." Akatabasamu kidogo. "Nilijua haikuwa juu ya mapendo."

Baba akacheka. Alicheka mpaka akashika kifua, na akiwa bado anacheka akaanza kufungua vifungo.

Wakambandika nyaya za mashine inayochora mapigo ya moyo. Daktari akasikiliza mbele, akasikiliza mgongoni, bila haraka yoyote, wakati mimi pale mlangoni nilikuwa natafuna kucha. Akampa vidonge vya moyo na vya kolesteroli. Akasema samli ibaki kwa wageni, na atembee kila siku, pole pole. Bahati akataka kujua lini atapona kabisa.

"Sikudanganye," akajibu. "Hii si dawa ya kumeza na kusahau. Ni ya kuishi nayo. Murudi, tutapima tena."

Tukakaribia nyumbani. Baba akasema, kama anayesema peke yake, "Alisikiliza moyo yangu kupita watoto yangu." Nililia tena, lakini safari hii kilio kilikuwa chepesi.

Sasa weka sikio hapa. Daktari wa moyo hatambuliwi kwa ukoo wake, wala kwa redio, wala kwa wingi wa watu wanaompenda kwenye simu. Uliza amesomea nini, tena wapi. Mafuta ya damu yakipanda kidogo, daktari wa kawaida anayekujua anaweza kuyasimamia. Lakini kifua kikibana, pumzi zikikatika, miguu ikivimba, omba akupeleke kwa wa moyo. Mzuri anauliza sana kabla ya kuandika dawa. Anayekuahidi kupona upesi na kukuuzia chupa yake mwenyewe, mkimbie. Na ukimpata wa kweli, usimwache kwa sababu amekukataza samli. Tena kifua kikibana na kukataa kuachia hata ukipumzika, hapo hakuna kuchagua wala kikao: hospitali ya karibu, saa ile ile.

Na ukikosa vyote, una lile swali la Shangazi Tereza. Muulize daktari yeyote ungempeleka mama yako kwa nani, kisha nyamaza umtazame usoni.

Wewe ndiye uliyekuwa nami juzi tulipopewa majibu, Neema. Ulimsikia daktari akimtaja yule mama aliyesomea moyo. Kaka zako wanasema ni msichana wa juzi, tena mwanamke, atajua nini. Nawe umekaa kwenye kona yako, unavuta nyuzi za kitenge. Nimekuona. Ndiyo maana mchele huu hautulii mikononi mwangu. Mimi pia naogopa, mwanangu. Jana nilisimama penye lango la jirani nikamuuliza habari za kuku wake, na sikusikia alichojibu.

Babu yako aliishi akakuona. Alikubeba mgongoni ukiwa mdogo, akapanda nawe kilima kile bila kushika ua wa mtu, na bado alisimama kila mahali kusalimia, wa huku na wa ng'ambo, akingoja jibu.

Basi acha huo upindo. Nenda sebuleni ukaseme, na sauti yako isitetemeke. Mungu akupe mdomo usiomwogopa ndugu. Akupe mikono mizuri ya kukutibu siku utakapougua, popote mikono hiyo ilipozaliwa. Na uzeeke, mwanangu, upande vilima vyote vya Bunia, na kila utakapowasalimia watu, iwe kwa mapendo tu.