Boti Hulipa kwa Tumbo

Katika mambo ya ushuru wa boti, hakuna mtu wa kunishangaza. Nianze hivyo, ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani. Mimi ni mtoto wa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na shule niliiacha mwaka wa tano wa msingi kwa sababu njaa ilikuwa inasema kwa nguvu kuliko mwalimu. Leo nina nyumba ya vyumba saba kule Kasungami, ya matofali ya kuchoma, na hakuna tofali hata moja nililopewa na mjomba. Nimeona mwenye boti akiapa kwa Biblia kwamba boti si yake, na huku jina la mke wake limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu. Nimeona mtu amezamisha mtumbwi wake kwenye matete ili tusiupime, halafu akasahau aliuzamisha wapi, akaja kwetu kutuomba tumsaidie kuutafuta. Nilicheka tu, nikadhani nimemaliza kuona.

Kazi niliianzia Kapembwe, mji mdogo kwenye ziwa Moero. Samaki wengi mnaokula Lubumbashi walitoka majini kwenye bandari ndogo kama ile, wakapakiwa kwenye lori, wakala vumbi siku nzima ndipo wakaliwa na ninyi. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kuazima. Chef de poste, yaani mkuu wa bandari, alikuwa mzee mfupi, mkali, mwenye kofia aliyoivaa hata akila. Hakuniuliza diploma. Alinitupia kamba.

"We, unajua kuhesabu mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye falanga inaishaka, Chef."

Alicheka mpaka kofia ikakaa upande. "Basi utafika mbali kunipita. Shika kamba, tuende."

Kamba ile ilikuwa na fundo kila metre, na kitambaa chekundu kila nusu metre. Kazi yetu iliitwa jaugeage, maana yake kupima boti ili kujua inaweza kubeba kiasi gani. Mitumbwi ya kuchonga hatukuihangaikia. Ililipa mara moja kwa mwaka, bei ya kuku. Tulipima balenieri, zile boti ndefu za mbao zenye moteri. Vipimo vilikuwa vitatu: urefu, toka pua hadi mkia, upana, pale boti iliponenepa, na kina, toka ukingo wa juu hadi sakafu. Ukizidisha vyote vitatu unapata tumbo la boti, na kwa tumbo hilo mwenye boti alilipa accostage, yaani haki ya kufunga kamba bandarini kila anapofika.

Asubuhi hiyohiyo nilitelemka ndani ya boti moja, nikapima kina, nikapiga kelele hesabu yangu. Chef de poste akatikisa kichwa.

"Gonga chini na kisigino."

Nikagonga. Ikalia kama ngoma.

"Unasikia? Sakafu ya kweli inanyamazaka. Ya bongo, ya uongo, inaimbaka. Huyu bwana ametia sakafu ya pili juu ya ile ya kwanza, ili boti yake ionekane haina kina." Akamgeukia mwenye boti, ambaye tayari alikuwa anatazama mawingu. "Baba, toa mbao zako, ama nitazilipisha nazo."

Tulipokuwa tunarudi ofisini akaniambia neno ambalo sikulielewa wakati ule, nikalishika tu kama mtu anavyoshika ufunguo wa nyumba asiyoijua: "Boti inalipaka na tumbo, hapana na mukia. Siku batalipisha mukia, bantu batakata mukia."

Miaka ikaenda. Toka kubeba kamba nikawa mpimaji kamili, toka Kapembwe nikapelekwa kwenye kivuko cha mto Luapula, chini ya Receveur mmoja, mkusanya ushuru, aliyelala mchana wote na kuamka tu pale falanga zilipogonga meza. Huko walinipa jina Papa Kamba. Nasema bila haya: toka kichwa cha ziwa hadi mdomo wa mto, hapakuwa na mtu wa kupima boti kwa jicho kunishinda. Nilisimama ufukoni, boti ingali mbali, nikasema tani zake, na kamba ilikuja nyuma kunipigia saluti tu. Ndiyo maana nikaitwa Lubumbashi, ofisi kuu, niwe mtu wa kuulizwa.

Ila siku waliyoniuliza hawakutaka jibu.

Alikuja Chef de Division mpya, yaani mkuu wa idara yetu, kijana, suti ya bluu, diploma mbili. Mwizi hakuwa, hilo nampa. Alituita Karavia, kwenye mkahawa mmoja kando ya maji, tule mishikaki na kuangalia utaratibu wake mpya. Palifungwa boti nyeupe ya plastiki, ile ya kuzungusha wachumba Jumapili. Akainua simu yake, akaielekeza kwenye boti, simu ikalia kidogo, ikasema urefu.

"Voilà! Imekwisha. Kuanzia sasa tunalipisha urefu peke yake. Chini ya metre nane, bei ndogo. Kupita metre nane, mara tatu. Hakuna kamba, hakuna kuzidisha."

"Juu ya nini, Chef?" nikamwuliza sababu.

"Juu kamba yenu inakulaka, Papa. Mwenye kuleta samaki, boti yake inafupika. Mwenye hana kitu, boti yake inarefuka. Ama minasema bongo?"

Hakusema uongo. Walikuwako kati yetu wapimaji wa namna hiyo. Mimi sikuwa mmoja wao, na anayebisha aje Kasungami anikute mlangoni. Lakini ukikuta panya nyumbani huchomi nyumba! Nikasimama.

"Chef, batakata mukia."

"Nani?"

"Benye maboti. Batakata boti ifike chini ya metre nane, halafu batainua mbavu juu ili mizigo ikae ileile. Utapata boti fupi na ndefu kwenda juu. Ile itapinduka."

"Papa, muntu hawezi kukata boti yake juu ya taxe."

"Muntu wa kule anaweza kukata mpaka kitanda yake, akiwa ndani!"

Meza nzima ikacheka, na yeye akacheka. Ningekaa hapo ingekuwa mzaha tu. Lakini mimi nina mdomo. Nikamwambia mbele ya wote: "We unapima boti ya kubeba bachumba. Sisi tunapima boti ya kubeba bunga na mama za bantu." Kicheko kikafa. Akafuta vidole vyake kimoja kimoja, akasema kwa Kifaransa safi kwamba Papa Kamba amechoka, amelitumikia taifa vya kutosha. Kabla mvua za mwaka ule hazijaisha nilikuwa mstaafu, nami sikuwa nimefika umri.

Basi nilifanya nini, nilie? Nilichukua falanga zangu za mwisho, nikauza kiwanja kimoja, nikarudi Kapembwe kwa Tata Musonda, fundi wa boti. Musonda alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye vidole vilivyopakwa lami siku zote. Nikamwambia anitengenezee balenieri ya metre kumi na moja, nyembamba, ya chini, kama za zamani. Tukaiandika ubavuni: *Mutoto wa Kamalondo*. Ilipita kwenye wimbi kama kisu kwenye papai.

Bei mpya ilipofika bandarini, nilikaa mbele ya karakana ya Musonda nikaona kwa macho kile nilichosema Karavia. Boti zilipanga foleni kama wagonjwa. Musonda alipima, akapiga msumeno, mkia ukaanguka mchangani. Zote zikawa metre saba na sentimita tisini. Halafu akapigilia mbao tatu juu ya kila ubavu. Watu wakaziita mabakuli.

"Tata Musonda," nikamwambia, "we unajua hii haifai."

"Minajua, kaka." Hakuinua kichwa. "Lakini nikikataa, batapeleka kwa muntu mwenye hajui kupigilia hata musumari. Afazali nikate miye, nitie lami muzuri."

Mteja wangu mkubwa alikuwa Maman Kavira, mfanyabiashara aliyetoka Kivu ya Kaskazini, mama wa kwaya, muuzaji wa jumla wa unga na chisense, wale samaki wadogo wa kukausha. Mimi nilikuwa nalipa mara tatu kila nilipofunga kamba, kwa hiyo nauli yangu ilikuwa juu. Siku moja akaja, mikono kiunoni.

"Papa Kamba, nakupenda kama kaka yangu wa tumbo moja. Lakini bei yako inaniua."

"Bakuli njo itakuua, Maman. Bei haijazamishaka muntu."

"Eh! Mungu wangu anajua kuogelea."

"Mungu wako, sawa. Na weye?"

Akanipiga bega, akacheka, akaondoka, akakodi bakuli. Boti yangu ikabaki imefungwa siku nyingi kuliko ilivyotembea. Nilikataa kuikata. Wengine walisema ni kiburi. Ndiyo, kilikuwa kiburi, ila kiburi chenye mbao za kweli.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua kali, halafu upepo ukageuka ghafla kama unavyofanya kwenye ziwa lile. Bakuli la Maman Kavira lilikuwa linarudi toka visiwani, limejaa magunia ya chisense hadi kwenye zile mbao za kuongezea. Musonda alikuwa ndani. Lilikuwa linavuja ubavuni, na mama alimwomba asafiri nalo ili azibe kwa pamba na lami njiani. Toka ufukoni tuliliona linapanda wimbi la kwanza, la pili, halafu likalala kama mtu aliyechoka.

Boti fupi zilizokuwa bandarini hazikuthubutu kutoka. Hata ningekuwa mimi, na bakuli, nisingethubutu. Nikavuta kamba ya *Mutoto wa Kamalondo*, wanaume wawili wakarukia, tukaenda. Tulikuta watu tisa wameshikilia magunia, maana chisense kavu inaelea kabla haijalowa. Maman Kavira alikuwa kati yao, kitambaa cha kichwa kimempotea, anaimba zaburi kwa meno yanayogongana. Musonda tulimkuta mwisho. Alikuwa chini ya ubavu, ule aliouinua kwa mikono yake mwenyewe, na mpira wa pamba ungali ndani ya ngumi.

Tulifika bandarini. Wanawake wa nyumbani kwa Musonda walikuwa wamekwisha kuanza kulia. Nikafunga kamba yangu, nikainua kichwa, nikaona Receveur wa bandari amesimama pale, kijana mwenye adabu, na mashini ndogo ya kuandikia ushuru mkononi. Nikadhani amekuja kusaidia kubeba.

"Papa, pole sana. Kuko accostage."

"Unasema nini?"

"Boti iko na metre kumi na moja, Papa. Kupita nane. Na umeingia bila manifeste."

Manifeste ni orodha ya bapasaje, yaani abiria, na mizigo, inayoandikwa kabla ya boti kuondoka. Nikamwuliza: "Mutoto wangu, ningeandika manifeste wapi? Mu maji? Ningebauliza majina, beko banazama?"

Macho yake yalijaa machozi, nasema kweli. "Papa, mashini njo inauliza. Haina fasi ya kuandika kuokoa. Inajua bapasaje, inajua mizigo, inajua maiti."

"Na huyu?" Nikaonyesha Musonda.

"Maiti iko na bei yake. Bila kulipa, hatoke ku bandari. Na boti nayo inabaki."

Maman Kavira, maji yakimchuruzika, akaanza kufungua fundo la kitenge chake, falanga zimelowa: "Nitalipa miye, kaka, acha nilipe miye."

"Funga falanga zako!" nikamkemea mbele ya watu wote, mama yule aliyetoka kwenye kifo. "Ulizibakiza kwa kukodi bakuli, ndizo hizo. Nunua nazo sanduku ya Musonda." Akaketi chini mchangani. Sanduku la kumzikia alilinunua, la mbao nzuri, na mimi ndiye niliyelipima.

Sasa niko Kasungami. Boti iko Kapembwe, ndefu kama Musonda alivyoiacha. Bei ile haijabadilika, na Chef de Division amepanda cheo. Nasikia wanamsifu kwamba ushuru wa boti sasa unahesabiwa haraka. Vijana wa ofisi huja hapa wakinywa soda yangu, wananiuliza ushuru mzuri ni upi. Nawaambia: kabla ya kuandika bei, nendeni mkasimame mahali fundi anaposimama na msumeno wake, mwone bei yenu itakata nini. Wanaandika kwenye simu zao, wanasema asante Papa, wanakwenda. Hawaendi Kapembwe.

Nami niliyesema hakuna wa kunishangaza, nilisimama kwenye bandari nilipojifunza kazi, nguo zimelowa, nikamlipa Receveur ili fundi wangu apelekwe nyumbani kwake: ya boti ndefu, ya adhabu ya manifeste, ya bapasaje tisa waliotolewa majini, ya maiti mmoja, na ya stempu. Falanga elfu mia mbili sabini na tisa.