Blanketi la Kukhu kwenye Waya wa Antena

Vumbi linaloungua juu ya valvu lina harufu yake, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu. Redio yetu, tulipokuwa tukiishi Dandora, ilikuwa ya mbao, na ndani yake valvu, vile vichupa vya kioo vilivyowaka polepole kama makaa kabla redio haijatamka neno. Julai ile Kukhu, nyanya mzaa baba, alikuja kututembelea kutoka Bungoma. Baba akamtumia kadi ya salamu, isomwe redioni Jumamosi saa tisa alasiri. Kukhu alisema waziwazi kwamba haamini sanduku linaweza kumjua jina. Baba akacheka, akamwambia asubiri. Ijumaa jioni sauti ikafifia. Baba alizungusha kitufe hadi mwisho, redio ikazidi kunong'ona, na masikio ya Kukhu hayakuwa tena ya kunong'onezwa.

Jumamosi mchana Baba alimleta Fundi Mwangi kutoka Kariobangi. Majirani wa ploti, wapangaji wa ua mmoja nasi, wakajaa mlangoni, kila mmoja na utaalamu wake. Fundi alifungua mgongo wa redio, akahakikisha valvu zote zinawaka, kisha akagusa kwa ncha ya bisibisi waya uliotoka kwenye kitufe cha sauti. Spika ikanguruma hadi vikombe vikatetemeka kabatini.

"Mzee, huku iko sawa," akamwambia Baba. "Spika ni nzima. Shida ni kile kinaingia. Antena yako iko wapi?"

Nilikuwa na miaka tisa, na antena niliijua vizuri kuliko wote. Ijumaa nilitumwa kuanika blanketi la Kukhu, nikakuta kamba ya ploti imejaa nguo za watu. Kwa ujanja wangu nikalianika kwenye waya wa antena. Ulipolegea kwa uzito, nikaukaza kwa kuuzungusha kwenye msumari wa paa la mabati. Nilitamani kunyamaza, lakini mficha uchi hazai, na saa ya ukutani ilibakiza dakika kumi kufika tisa.

"Ni mimi, Baba," nikasema. "Nimeanika blanketi hapo."

Baba hakupata hata nafasi ya kukasirika. Ploti nzima ilitoka mbio, mmoja akibeba blanketi lililokuwa bado bichi, Fundi juu ya stuli akifungua waya kwenye msumari, akisema mabati ndiyo yaliyomeza mawimbi. Sauti ikarudi kwa kishindo. Tulisimama tukisikiliza majina ya watu tusiowajua, mpaka likasomwa la Kukhu: Mama Nasimiyu wa Bungoma, anasalimiwa na mwanawe Wafula.

Kukhu alisimama, akaweka sawa kitambaa chake cha kichwa, akaijibu redio kwa heshima zote. "Ndiyo mimi. Nimefika salama."

Tulicheka mpaka machozi, naye akacheka kutushinda.

Leo naishi Tassia, na simu yangu hunisalimu kwa jina kila asubuhi. Sijawahi kusimama kuijibu.