Lori la Msituni

Nichekeni kwanza, ndipo niendelee. Jumamosi niliwachukua majirani zangu wa mtaa wa Jericho, Otieno na Mutua, twende tukaendeshe baiskeli kwenye vijia vya changarawe, ndani ya msitu wa vilima vya mawe ya mchanga.

"Huku magari hayaingii," niliwaambia, kifua mbele. "Hakuna kutazama nyuma kila saa kama kule mjini, Jogoo Road."

Tukiwa tunateremka kilima, honi ya lori ikalia nyuma yangu, karibu kabisa. Nikapiga kelele, "Lori!" nikajitupa kwenye upupu pamoja na baiskeli. Wenzangu wakanifuata, maana kiongozi ni mimi. Lori hatukuliona.

Tulifika langoni tukijikuna. Nikamkaripia askari wa msitu: mbona anaruhusu malori yaue watu? Akaapa kwamba hajafungulia gari lolote tangu asubuhi. Nikamwita mwongo.

Hapo honi ikalia tena, kwenye mfuko wangu wa nyuma. Ni mlio niliouweka mwenyewe kwenye simu juzi, ili nimsikie mke wangu akinipigia nikiwa sokoni.

Otieno aliacha kujikuna. Askari akaniambia kwa upole, "Pokea, mzee. Lori lako linakungoja."