Sauti Kumi na Tisa za Manassas

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ambayo nikiikumbuka hadi leo natazama chini, hata nikiwa peke yangu jikoni. Nakusimulia kwa kuwa nimesikia mwaka huu wewe ndiye utakayehesabu kura za chati yetu ya nyimbo na kuandika historia yake. Najua Kiswahili changu unakisoma polepole. Ukikwama, muulize mama yako.

Chati ya Nchi Nne haikuanzia kwenye simu hizi zenu za kubofya. Ilianzishwa na Mzee Mhina, Mtanzania wa mji wa Bowie huku Marekani, dereva wa basi la shule. Alikuwa amechoka kusikia Wakenya, Watanzania, Wakongo na Warundi wakibishana kila arusi kuhusu wimbo wa nani unaotamba. Aliomba saa moja kwenye redio ndogo ya mtaa, kila Jumamosi saa nne asubuhi. Wiki nzima watu walipiga simu na kuacha kura kwenye mashine ya ujumbe: taja jina lako, taja wimbo wako. Sheria ilikuwa moja tu, sauti moja kura moja. Na msanii aliyeongoza alipigiwa simu hukohuko nyumbani Afrika, akasalimia watu hewani.

Mimi ndiye niliyehesabu na kutangaza. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nafanya kazi ya kompyuta Gaithersburg, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Wimbo wa kwetu Kenya ulikuwa umeongoza wiki saba. Marafiki walinitania kwamba ukiangushwa na Wakongo, nisionekane tena kwenye nyama choma. Ulikuwa utani wa kawaida, ila mimi niliubeba kama kiapo.

Ijumaa moja nikasikiliza ujumbe wa wiki, nikamsikia mama mmoja Mkongo. "Ni mimi Mama Neema wa Manassas. Tuko batu kumi na tisa hapa, tunatoka kusali. Kila mutu atasema jina yake mwenyewe, juu mutuamini." Wakapokezana simu ile moja, wazee, kina mama, watoto, hata bibi mmoja aliyekohoa kwanza ndipo akajitaja. Wote walitaka wimbo wa Uzima, mdogo wake Mama Neema, aliyebaki Bukavu, Kongo. Ndivyo walivyoishi wakati ule, nyumba nne kwa simu moja, na Jumapili ndiyo iliyowakutanisha.

Nilihesabu mara mbili. Walikuwa wametushinda kwa kura kumi na moja. Ndipo nikajitungia sheria yangu: simu moja, kura moja. Nikachora mstari mmoja daftarini, pale palipostahili kumi na tisa, na sikumwambia mtu. Kesho yake wimbo wetu ukaongoza wiki ya nane. Nilienda kwenye nyama choma nikala nikashiba.

Jumamosi iliyofuata Mama Neema alikuja redioni, bado amevaa sare ya kazi yake ya kutunza wazee. Sikuwa nimewahi kumwona. Alinisalimia kwa mikono miwili, kisha akaniomba msamaha, yeye aniombe mimi.

"Papa, labda tulisema mubaya kwa mashine. Utufundishe, tusikosee tena."

Mwanangu, hapo mlango wa kukiri ulikuwa wazi kabisa. Nami nikamjibu, "Usijali mama, mashine ilikata."

Mzee Mhina alikuwa nyuma yangu. Aliingia chumba cha pili, akaisikiliza kanda ya wiki ile, akaniita na kufunga mlango.

"Mashine haikukata," alisema. "Wewe ndiye uliyekata. Hawa wametoka kambi ya wakimbizi, ambako familia nzima ilikuwa mstari mmoja kwenye karatasi. Hapa wametaja majina yao, nawe umewarudisha kwenye mstari. Nenda ukamwambie kwa mdomo wako."

Nilitoka nikikusudia kusema. Badala yake nikatangaza hewani kwamba wiki iliyopita mitambo ilikuwa na hitilafu, na kwamba wimbo wa Uzima ndio ulioshinda. Mzee alinitazama kupitia kioo, akatikisa kichwa.

Tukapiga Bukavu. Aliyepokea ni jirani mwenye simu. Alisema Uzima alikuja Jumamosi iliyopita amevaa nguo ya kanisa, kwa sababu dada yake wa Amerika alimwahidi kwamba atapigiwa. Alingoja hadi giza, watoto wa mtaa wakamcheka. "Leo amekataa kuya. Anasema dada yake ni muongo." Haya yote yalienda hewani, na Mama Neema ameketi hatua mbili kutoka kwangu. Aliinama, akaukumbatia mkoba wake, akaondoka kabla kipindi hakijaisha. Sikumfuata.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miaka zaidi ya ishirini. Mzee Mhina aliniondoa kwenye kuhesabu, akafa bila kunisikia nikikiri. Mwaka huu, uliponiomba madaftari ya zamani, niliufungua ukurasa ule nikashindwa kuufunga. Nikaendesha gari hadi Manassas. Mama Neema sasa anatembelea fimbo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana kiti alichonipa niliona sikistahili.

"Uzima aliniita muongo mbele ya batu, nikamukasirikia," alisema. "Na yeye akanikasirikia. Hatukuongea myaka tisa. Mama yetu alikufa tukiwa hivyo."

Hakunitukana. Heri angenitukana.

Kwa hiyo, mwanangu, katika historia yako usiandike kwamba mitambo iliharibika. Andika kwamba wiki ya nane iliibwa, na uandike jina langu lote, na la baba yangu. Mtu akikutajia jina lake, lihesabu, hata kama linaangusha la kwenu. Na ukikosa, kwa kuwa utakosa, mwendee uliyemkosea siku hiyohiyo ukamwambie kwa maneno yasiyo na kona. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wangu niliujenga kati ya dada wawili ambao hawakunidhuru chochote.

Mungu akupe masikio yasiyo na upendeleo na ulimi mwepesi wa kusema nimekosa. Akujalie uzee ambao ndani yake unaweza kumtazama kila mtu usoni, jambo ambalo mimi bado ninaliomba.