Furu Ishirini wa Nyangi

"Nilikukopesha furu wekundu, unaniletea weusi! Mama Onesmo, umeniona kichaa?"

Nyangi alisema hivyo mbele ya mwalo mzima wa wavuvi na wachuuzi, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika beseni la ushahidi. Mama Onesmo, ambaye kwa ubatizo ni Consolata, aliendelea kupara samaki wake kama vile anayesemwa yuko Bunda.

"Furu ni furu," alijibu. "Nilichukua ishirini, nimerudisha ishirini. Hesabu."

"Kwa hiyo ukikopa mbuzi ishirini utanirudishia mbwa ishirini?"

Watu wakacheka, ila jambo lenyewe halikuwa dogo. Hawa wawili walikuwa na kichanja kimoja cha kuanikia, walichokijenga wenyewe kwa miti waliyoibeba kichwani kutoka Bugwema. Mwaka wa kumi na moja sasa, mmoja akiugua mwenzake anamwanikia. Na asubuhi hiyo Nyangi alikuwa ameshatangaza: deni lisipolipwa sawasawa, kichanja kinapasuliwa kwa msumeno katikati, kila mtu achukue upande wake.

Kwa samaki, Nyangi si mtu wa kubahatisha. Shule aliishia darasa la saba, lakini mfunge macho umpe ndoo ya mchanganyiko, atakutengea gogogo, ningu na soga kwa vidole tu. Furu nao, wale samaki wadogo wa ziwani, alikuwa na mafungu yake. Wekundu walikuwa wa kuuza soko la Nyakato. Weusi aliwaita walafi, maana mara nyingi alikuta vitoto vya samaki vimejaa midomoni mwao.

"Anayekulaga watoto wa wenzake, mimi nimle wa nini?" alikuwa akisema, na kuwatupia bata.

Sasa wiki hiyo alikuwepo Gloria, binti wa utafiti wa samaki, na chupa zake na kioo chake cha kukuzia. Akasogea.

"Mama zangu, naomba niwaone hao samaki."

"Waone," alisema Nyangi. "Ila ukipendelea, nitakujua."

Gloria akachukua mwekundu mmoja wa Nyangi na mweusi mmoja wa Consolata. Akawafungua midomo, akatazama meno, akahesabu magamba na miiba ya mgongoni. Watu wakasogea kutazama.

"Aina moja hawa," alisema. "Rangi inadanganya, mama. Mwekundu ni dume. Mweusi ni jike lake."

"Na vile vitoto mdomoni?"

"Vyake mwenyewe. Anatunza mayai humo mpaka yaanguliwe, na vitoto vikiona hatari vinarudi humo humo. Yeye hata kula anaacha."

Nyangi akakaa juu ya ndoo.

"Yaani miaka yote hii nimelisha bata akina mama wenzangu?"

"Na kuwatukana juu," Consolata alichomekea.

"Nyamaza wewe, sijamaliza!" Akaanza kupapasa beseni samaki mmoja mmoja, kidole gumba chini ya taya. Watatu akawaweka kando. "Binti, hawa si wenzao. Taya lao gumu. Ukiwapasua tumboni utakuta vigae vya konokono."

Gloria alikuwa ameshawapitisha wote kuwa aina moja kwa kumpima mmoja tu. Akachukua kioo, akatazama midomo ya wale watatu, akatazama tena.

"Mama! Meno ya kooni bapa kama mawe ya kusagia. Nilikuwa nimekosea."

"Wanaitwaje?"

"Kwetu watafiti kila aina ina majina mawili, la ukoo na la kwake. La ukoo hawa wanalo. La kwao silijui, mpaka nikawalinganishe. Tangu sangara aletwe ziwani, furu wengi wamepotea kabla hata ya kuandikwa."

Nyangi aliwatazama wale watatu, weusi kama wengine, lakini hawana jina.

"Haya, Mama Onesmo. Kumi na saba umelipa. Watatu bado."

 Consolata akainama kwenye ndoo yake kutafuta wekundu watatu wa kujazia, akichagua wakubwa wakubwa.

"Acha," Nyangi akasema. "Wale watatu mpe binti akawatafutie jina. Hao wekundu baki nao, deni nimekusamehe. Sogeza hilo beseni tuanike kichanjani kwetu, jua linatuacha."