Sufuria ya Kupanda Nayo Mlimani

Juzi niliingia, barua ya malalamiko mkononi, katika ofisi moja hapa Kampala inayokodisha vibanda vya kulala wapanda milima kule Rwenzori. Mbele yangu alisimama mama wa Kikongo, wa makamo, ameibana sufuria kwapani.

"Mama, nikuambie ukweli," karani alisema. "Kibanda hicho unachotaka hakina mpishi. Chakula, mkaa, sufuria, vyote unabeba mwenyewe. Na ni siku mbili za kupanda."

"Niko najua. Mutoto wangu alikuwa anabebea wageni mizigo. Alifia mu kile kibanda, baridi ilimuua. Wenzake walisema alilala njaa."

Karani akaacha kuandika. "Pole, mama. Sasa utakwenda kufanya nini?"

"Kupika." Akaiweka sufuria mezani, taratibu, kana kwamba tayari ina moto. "Ugali na sombe, majani ya muhogo. Nitamupakulia, nikae naye kidogo."

Zamu yangu ikafika. Barua yangu, wasomaji, ilikuwa na kurasa mbili. Nililalamika kwamba nilipolala kwenye kibanda hicho hicho, nililazimika kujipikia mwenyewe.

"Na wewe, ssebo?" karani akaniuliza kwa heshima.

Nilimwambia nimesahau kilichonileta.