Mvinje Ulioinamia Jiko

Nilikuwa kidato cha pili, tukiishi Tegeta, baba alipoamua kukata mvinje mrefu ulioinamia jiko letu la nje.

"Wewe si unasoma hesabu? Tuambie kama ukianguka utafika jikoni," aliniambia.

Nilisimama mita kumi na mbili kutoka kwenye shina, nikapima kilele kwa kipimapembe na uzi wenye kokoto. Pembe ilikuwa nyuzi arobaini na tano, na tanjenti yake ni moja, kwa hiyo nikasema mti una mita kumi na mbili. Jiko lilikuwa mita kumi na tatu kutoka kwenye shina. Fundi aliyeitwa na baba kuukata akawasha msumeno.

 Mama alikuwa jikoni anasonga ugali, na mie nilihisi kuna kitu nimesahau. Ghafla nikakumbuka: nilipima kuanzia usawa wa macho yangu, si ardhini. Nilipaswa kuongeza karibu mita moja na nusu, kwa hiyo mti ungefika jikoni.

"Baba, mzuie! Nimekosea!"

Msumeno ukazimwa. Nilieleza kosa langu. Fundi hakunicheka, alipanda akaanza kukata kutoka kileleni. Mama alitoka na mwiko mkononi, akauliza kulikoni, nikamwambia mti ulikuwa mrefu kuliko nilivyopima.